Kulala hemani msimu wa joto: maswali ya familia za Nairobi zinazopiga kambi mara ya kwanza

Kati ya Januari na Machi, familia nyingi za Nairobi hushuka bondeni kulala hemani: Olorgesailie, Magadi, na wengine husogea hadi Amboseli au Tsavo. Likizo fupi ya muhula wa kwanza nayo huangukia papo hapo. Haya ndiyo maswali ambayo mzazi angefaa kuyapatia majibu kabla ya kufunga mizigo.

Sisi tumekulia kwenye jua. Joto la Magadi lina nini la kututisha?

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hata Februari, mchana hufika nyuzi 28 hivi na usiku hushuka hadi 14 au 15. Magadi iko kwenye mita 600 tu, na nyuzi 35 au zaidi mchana ni jambo la kawaida kule. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto kama hilo: huanza kutoa jasho mapema, hulitoa kwa wingi, na hubana chumvi isipotee nalo. Safari ya wikendi huisha kabla mwili haujazoea.

Usiku nao hausaidii sana. Aliyelala kwenye joto huamka mwili wake haujapoa wala haujapumzika, tena mara nyingi akiwa na upungufu wa maji tangu jana. Kwa hiyo siku ya pili ndiyo ya kuangaliwa zaidi, ingawa wazazi wengi hulegeza macho siku hiyo kwa kuwa ya kwanza ilipita salama. Kama mna mtoto mchanga au mnasafiri na shosho mwenye presha, anzeni na Naivasha, ambako usiku kuna baridi. Magadi haihami.

Tubebe maji kiasi gani?

Chukua familia ya wazazi wawili na watoto watatu wa shule ya msingi. Maji ya kunywa kwa siku: lita 4 kwa kila mtu mzima, lita 2 kwa kila mtoto, jumla 14. Kupika, kuosha vyombo na kunawa: lita 4 kwa kila kichwa, jumla 20. Hizo ni lita 34 kwa siku, yaani 68 kwa siku mbili. Beba mitungi minne ya lita 20. Zile lita 12 zinazobaki ni akiba ya dharura na hazioshi sufuria. Usitegemee bomba la kambini mpaka umeuliza, na ukiuliza, uliza pia kama maji yake yanafaa kunywewa.

Maji yenye shaka yachemshwe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja (dakika tatu mkiwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari), au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa dakika 30. Soma vizuri pakiti za vidonge: kuna kidonge cha lita 1 na kidonge cha lita 20, na ukivitazama kwa macho tu unaweza kuvichanganya. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijafikia vijidudu.

Je, mtu anaweza kunywa maji kupita kiasi?

Anaweza. Akinywa maji matupu lita baada ya lita huku akitoka jasho jingi, chumvi ya damuni huzimuka na matokeo yake ni kichwa kuuma, kutapika na hata degedege. Mtu mzima asizidishe lita 1.5 kwa saa moja. Waliotembea sana wapewe na kitu chenye chumvi: njugu karanga, supu, au ORS (unga wa pakiti wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini). Pakiti nyingi za ORS huchanganywa na lita 1 ya maji, lakini zipo za nusu lita, kwa hiyo soma. Ikikosekana, tumia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kupangusa, katika lita 1 ya maji safi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Chai haina neno. Soda haishiki nafasi ya maji kwa kuwa sukari yake ni nyingi mno. Bia ingoje jua lizame, na hata hapo mzazi mmoja abaki mkavu wa kuendesha gari.

Mtoto wetu ana miezi minne. Nimpe maji kidogo?

Usimpe. Chini ya miezi sita hana haja ya maji, hata kwenye joto kali. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama ndiye aongeze maji. Hesabu nepi: akikaa saa sita bila kukojoa, au utosi ukionekana umebonyea, atafutiwe matibabu. Usimfunike leso usoni wala kuitandaza juu ya kigari chake cha kusukuma, maana hewa hukwama mle ndani na kupata moto. Na asiachwe garini hata dakika moja: gari lililofungwa juani huongeza kama nyuzi 10 ndani ya dakika kumi.

Hema tulisimamishe wapi?

Mti uwe upande wa magharibi wa hema, ili kivuli kiangukie hema alasiri, wakati joto limekolea. Elekeza mlango upepo unakotoka na ufungue madirisha yote ya wavu. Usiku usio na dalili ya mvua, vua kile kifuniko cha juu, au kifunge kwa kamba kikae juu zaidi ili hewa ipite katikati. Mchana hema si mahali pa kulala. Likiwa limefungwa juani hugeuka tanuri, kwa hiyo mtoto anayesinzia saa saba mchana alale kwenye mkeka chini ya mti, mtu akiwa kando yake.

Tazama juu kabla ya kupigilia vigingi: tawi kavu lisiwe juu ya vichwa vyenu. Tazama chini pia. Miiba ya mgunga hutoboa sakafu ya hema, godoro la hewa na soli ya ndara, basi fagia kwa tawi lenye majani. Msilale kwenye mkondo mkavu wa mto hata kama mchanga wake ni laini na wa kupendeza, kwani mvua hunyesha mbali milimani na maji huja bila tone kudondoka mlipo. Mafuriko ya ghafla yaliua watu katika korongo la Hell's Gate mnamo Septemba 2019. Kando ya Ziwa Naivasha, epukeni njia za viboko.

Nitajuaje kwamba joto limemzidi mtu, na nifanye nini?

Dalili nyepesi ni vipele vya joto shingoni na kwapani. Mwoshe, mkaushe, mvishe pamba iliyopwaya. Mafuta mazito ya mgando yaachwe nyumbani kwa safari hii, kwa sababu huziba vitundu vya jasho. Misuli ya miguu ikikakamaa, mpumzishe kivulini, nyoosha mguu taratibu, mpe ORS.

Hatua inayofuata ni kuishiwa nguvu: jasho jingi, ngozi yenye unyevu, kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu. Mtoto huanza kulialia na kukataa kucheza, na mzazi hudhani ni utundu. Mlaze kivulini, miguu juu kidogo, mvue nguo za ziada, mlowanishe kwa maji na umpepee. Mpe ORS kwa mikupuo midogo. Akitapika, mpe kijiko kidogo kimoja kila dakika moja au mbili. Anapaswa kupata nafuu ndani ya nusu saa. Asipopata, mpelekeni hospitali.

Kinachoua ni kiharusi cha joto, na alama yake kuu iko kwenye akili kuliko kwenye ngozi. Mtu huanza kusema maneno yasiyoeleweka, huyumba, hashiki jina la mahali alipo, hupata degedege au huzimia. Kipimajoto hufika nyuzi 40 na zaidi. Vitabu vya zamani vilisema ngozi lazima iwe kavu, lakini aliyekuwa akitembea au kucheza anaweza kufikia hali hii huku bado akitiririka jasho. Usingoje akauke.

Hapa mpoze kwanza, safari baadaye. Wazazi wengi hufanya kinyume: humtia mgonjwa kwenye gari lililokuwa juani na kukimbiza kuelekea Nairobi, akaendelea kuungua njia nzima. Mvue nguo. Mmiminie maji mwili mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, mfululizo, hata kama ni maji ya kunywa. Ile akiba ya lita 12 ni ya wakati huu. Wawili wampepee kwa leso au mfuniko wa sufuria, maana maji yakikauka mwilini ndipo yanapoondoka na joto. Chupa za barafu ziwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mwingine apige simu 999 au 112. Asiyejitambua vizuri asinyweshwe kitu chochote. Alazwe ubavu asije akapaliwa na matapishi. Panadol haina kazi hapa, kwani hushusha homa ya ugonjwa, haishushi joto lililotoka nje. Akirudiwa na fahamu, au kipimajoto kikishuka chini ya nyuzi 39, mwondoke, madirisha wazi, nguo yenye maji ikiwa mwilini. Hospitali ni lazima hata kama anaonekana amepona, maana figo na ini huweza kudhurika kimyakimya.

Jueni hospitali iliyo karibu na kambi kabla hamjaondoka mjini. Mtandao wa simu bondeni hupotea na kurudi.

Watoto wanaweza kuoga kwenye chemchemi za moto za Magadi?

Asubuhi na mapema, kwa muda mfupi, na mwenyeji akiwaonyesha mahali salama. Baadhi ya chemchemi hutoka zikiwa na joto la kuunguza ngozi. Maji yake yana magadi mengi, huwasha macho na hayafai kumezwa. Kukaa kwenye maji moto saa sita mchana ni kuuongezea mwili joto wakati unahangaika kulipunguza.

Usiku ukipoa, tunaweza kuingiza jiko la makaa hemani?

Hapana, hata lile linaloonekana limezima. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala moshi, na waliolala hawaamki. Jiko la gesi nalo libaki nje.

Chakula kisituharibikie, tufanyeje?

Joto likizidi nyuzi 32, chakula kilichopikwa kina saa moja tu nje ya barafu. Wali na pilau ndivyo hudanganya wengi: vijidudu vyake hustahimili kuchemshwa, huamka chakula kikipoa polepole, na sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto. Pikeni cha kumalizika.

Gandisha chupa za maji siku mbili kabla, zijaze kisanduku cha barafu, na zikiyeyuka mtakunywa. Vinywaji vipate kisanduku chake, kwa sababu hicho hufunguliwa kila dakika. Nyama iliwe siku ya kwanza. Ya pili iwe ndengu, mayai, omena kavu, chapati. Tundikeni kibuyu chirizi (kidumu cha kunawia kinachoinamishwa kwa mguu) karibu na choo pamoja na sabuni. Dawa ya kupaka mikononi haifanyi kazi kwenye mkono wenye mafuta au tope.

Vipi kuhusu wenye dawa za kila siku?

Vidonge vya presha vya kukojoza hupunguza maji mwilini, basi ongea na daktari kabla ya safari, wala usiviache kwa uamuzi wako. Mwenye selimundu (sickle cell) anahitaji ushauri huo zaidi, maana upungufu wa maji humletea maumivu makali. Insulini inayotumika hukaa vizuri chini ya nyuzi 30 kwa takriban wiki nne, kutegemea aina yake. Chungu cha udongo kilicholowanishwa kivulini huisaidia. Isiguse barafu, kwani ikiganda imeharibika.

Ngozi nyeusi inahitaji mafuta ya kuzuia jua?

Kofia pana, mikono mirefu na kivuli kati ya saa tano na saa tisa hufanya kazi kubwa zaidi. Mwenye ualbino hana hiari: mafuta ya kuzuia jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, kila saa mbili, pamoja na hayo yote.

Nyoka na nge je?

Kung'uta viatu asubuhi, tembea na tochi, funga zipu ya hema kila unapotoka. Aliyeumwa atulie, avuliwe pete na bangili, mguu au mkono usichezeshwe, apelekwe hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Swila akimtemea mtu mate machoni, osheni kwa maji mengi dakika 15 hadi 20, kisha hospitali.

Mbu wa huko wana malaria?

Kwenye nyanda za chini, ndiyo, na mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga nayo. Fungeni nyavu za hema kuanzia jua linapozama, vaeni mikono mirefu, pakeni dawa ya kufukuza mbu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30, isipokuwa mtoto wa chini ya miezi miwili. Mikono ya watoto isipakwe, maana huingia kinywani. Mkitumia na mafuta ya jua, hayo yatangulie. Muulizeni daktari mapema kuhusu vidonge vya kinga, hasa kama kuna mjamzito.

Dalili kwa kawaida hazitokei kabla ya siku ya saba. Kwa hiyo homa ya wiki mbili au tatu baadaye, mmesharudi Umoja au Kawangware na hema limeshaanikwa, bado inaweza kuwa ya safari ile. Nendeni mkapimwe siku hiyo hiyo na mmwambie daktari mlilala wapi, maana mgonjwa wa Nairobi anaweza asifikiriwe malaria. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Kikisema hakuna na homa ikaendelea, rudieni kesho yake.