Je, mwili wa dereva huzoea usiku kwa wiki moja?

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya madereva wa malori ya friji hudai kwamba baada ya wiki moja ya safari za usiku mwili "hugeuka" na usingizi hausumbui tena. Si kweli. Saa ya mwili huongozwa hasa na mwanga, kwa hiyo dereva anayeshusha mzigo alfajiri kisha akarudi nyumbani juani huifanya ibaki kwenye mpangilio wa mchana, na wengi hawazoei kikamilifu hata baada ya miaka. Watu huchanganyikiwa kwa sababu kahawa huficha uchovu bila kuuondoa, na aliyepungukiwa usingizi hujiona yuko sawa. Saa tisa usiku, mtambo wa ubaridi ukivuma mgongoni, kusinzia sekunde 3 tu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni kupita takriban mita 67 bila dereva. Anayetaka kuhakiki aandike kwa wiki mbili saa anazolala mchana, na kila mara asipokumbuka kipande cha barabara alichotoka kukipita. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kinachosaidia ni chumba chenye giza mchana na, usingizi ukibana njiani, kuegesha mahali salama na kulala dakika 20, mtambo ukiendelea kulinda mzigo.