Mmewahi kumnyima mtu cheti?

Nikialikwa na kikundi cha wakulima wanaothibitishana wenyewe kwa wenyewe, sianzi kwa kuomba mafaili. Nauliza: mmewahi kumnyima mwenzenu cheti? Wakicheka huku wakitazamana, najua siku itakuwa ndefu.

Kwa asiyeufahamu mfumo huu: mkulima anayetaka kuuza mazao yake kwa jina la kilimo hai, yaani kilimo kisichotegemea mbolea wala dawa za viwandani, huwa na njia mbili za kupata cheti. Njia inayojulikana zaidi ni ya kampuni ya ukaguzi. Mkaguzi huja, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, akalikagua shamba na makaratasi, akaandika ripoti na kulipwa. Safari yake ina gharama ile ile awe anakwenda kwa mwenye ekari moja au mwenye hamsini, kwa hiyo mdogo ndiye anayeumia. Njia nyingine ni uthibitisho shirikishi. Wakulima wa eneo moja hukubaliana kanuni na kuziandika, hutembeleana mashambani, wakiwapata wanunuzi huwachukua pia, kisha kamati waliyoichagua huamua nani apewe cheti na nani asubiri.

Wapo wanaodhani huu ni mchezo wa juzi wa kukwepa ada. Sivyo. Nature & Progrès, chama cha Ufaransa kilichoanzishwa mwaka 1964, kilikuwa na utaratibu wa aina hii tangu miaka ya 1970, kabla serikali hazijatunga sheria zake za kilimo hai. Kusini mwa Brazil mtandao wa Ecovida ulianza mwaka 1998, na ni katika nchi hiyo hiyo, mjini Torres mwaka 2004, wahusika kutoka mabara mbalimbali walipokutana na kuanza kuziita juhudi zao kwa jina moja. Leo sheria ya Brazil inautambua uthibitisho shirikishi sambamba na ule wa makampuni.

Nguvu yake ni jirani. Mkaguzi hukaa shambani saa chache. Jirani yupo mwaka mzima. Anajua nani alirudi na gunia la mbolea ya chumvichumvi, anasikia harufu ya dawa asubuhi. Tena anajua maswali ambayo hayamo kwenye fomu. Nilifuatana na kikundi kimoja kwenda kwa mkulima ambaye kila kitu chake kilikuwa safi: mboji imeiva vizuri, daftari la shamba limejazwa, matuta yamefunikwa kwa nyasi. Sehemu moja tu ya mboga zake ilikuwa imejikunja majani. Mimi nilifikiri ni ugonjwa wa virusi, na nilikuwa nimeshaanza kuueleza kwa kirefu (ndiyo kasoro yetu sisi wataalamu). Mama mmoja akalitazama bomba la kupulizia lililoegemezwa ukutani, akauliza, “Bomba hili la nani?” Lilikuwa la kuazima. Mkulima alipulizia maji ya mimea aliyoichachusha mwenyewe, ila mwenye bomba alikuwa amelitumia kwa dawa ya kuua magugu siku chache kabla. Kikundi hakikumfukuza. Zao la sehemu ile halikuuzwa kama la kilimo hai, na tangu hapo kikundi kina bomba lake lisiloazimwa na mtu wa nje.

Uchafuzi mwingi ninaoukuta uko hivyo, hauna nia mbaya ndani yake. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile zenye rangi kali. Magunia ya mbolea yaliyogeuzwa ya kubebea mavuno. Samadi iliyonunuliwa bila kuuliza mifugo ilitoka wapi. Upepo unaoleta dawa kutoka shamba la pili, ambao kinga yake ni uzio mnene wa mimea mpakani.

Lakini jirani huyo huyo ndiye udhaifu wa mfumo. Kumwandikia kosa mtu mliyezikana naye si jambo jepesi. Ndiyo maana napinga kabisa wakulima wawili kukaguana: leo nikusitiri, kesho unisitiri. Afadhali mzunguko, wa kwanza amkague wa pili, wa pili amkague wa tatu, na mwakani mpangilio ubadilishwe. Ndugu wa anayejadiliwa atoke nje ya kikao. Na adhabu ziwe na ngazi. Kikundi chenye adhabu moja tu, kufukuza, hakitaitumia kamwe. Kiwe na onyo, kiwe na kuzuia zao moja au shamba moja, na kwa kosa zito mkulima aanze upya kipindi cha mpito, yaani muda wa kufuata kanuni kabla ya kuruhusiwa kuuza kama kilimo hai, ambacho kwa viwango vingi ni miaka 2 hadi 3. Nimewahi kusoma muhtasari wa kikao ambacho mwenyekiti alisimamishwa kwa sababu ya mbegu zilizopakwa dawa, na sahihi iliyoko chini ya uamuzi ni yake mwenyewe. Kikundi kile sikukiuliza swali langu.

Jambo la mwisho ni soko, na hapa wengi hudanganywa. Cheti shirikishi hufaa pale mnunuzi na mkulima wanapoweza kufikiana, au pale sheria ya nchi inapokitambua. Umoja wa Ulaya haukikubali kwa mazao yanayoingizwa huko kama ya kilimo hai. Njia ya wadogo kwa soko hilo ni uthibitisho wa kikundi: wakulima huwa na mfumo wa udhibiti wa ndani, lakini kampuni ya nje huja kuukagua mfumo huo na kuchukua sampuli ya mashamba. Kanuni za Umoja huo zilizoanza kutumika mwaka 2022 zinataka kikundi kisizidi wanachama 2,000. Hivi ni vitu viwili tofauti, japo vyote vina fomu na ziara za mashambani. Anayelenga ng'ambo amuulize mnunuzi kwanza anadai cheti gani, kabla kikundi hakijanunua hata daftari.