Stroka sio kuchonga silinda

Watu wengi wakisikia injini ni stroka wanadhani bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, imechongwa silinda zikawa pana, hapana jamani, upana ni kitu kingine kabisa. Stroka ni habari ya krenki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, unaweka krenki inayofanya pistoni isafiri zaidi juu na chini.

Chukua Chevrolet 454, ile injini ya V8 ya bigi bloku, yaani bloku kubwa, yenye ujazo wa inchi 454 za mchemraba, ambayo kule Marekani baba na watoto wake wanaifungua kwenye gereji ya nyumbani wakijenga gari la mbio. Silinda yake ina upana wa inchi 4.25 na pistoni inatembea inchi 4. Ukichonga tu silinda ifike 4.31 unapata ujazo wa inchi 467 za mchemraba hivi, basi. Ukiweka na krenki inayotembeza pistoni inchi 4.25 ndo unafika 496, yaani kutoka lita 7.4 mpaka 8.1, kwa hiyo kazi kubwa kaifanya krenki.

Na usidhani unabadilisha krenki unafunga unaondoka, maana pistoni sasa inapanda milimita 3 na kitu zaidi ya mwanzo, itagonga hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ndo maana unanunua pistoni ambazo tundu la pini inayoishika kwenye konrodi limewekwa juu zaidi. Halafu huko chini konrodi, yale mikono inayounga pistoni na krenki, zinazunguka duara kubwa, zinaweza kugusa bloku au sampu, lile bakuli la oili. Hapa ndo pazuri kumshirikisha kijana: yeye azungushe krenki kwa mkono taratibu, mzazi achungulie na fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kila konrodi inapopita, panapobana panasagwa kidogo, na bloku inaoshwa vizuri unga wa chuma wote utoke kabla ya kufunga. Balansi ya krenki, yaani kuisawazisha uzito isitikisike ikizunguka, mwachieni fundi mwenye mashine.