Je, Wajua? Umeme Haugusi Katikati ya Lenzi ya Maji

Lenzi ya kioo husuguliwa mpaka uso wake ukae sawa. Lenzi ndogo ya kimiminika haisuguliwi na mtu. Ndani yake mna maji ya chumvi na mafuta tu, vimefungiwa pamoja kwenye kichupa chenye upana wa milimita chache. Ukiongeza volti, picha ya kitu cha karibu inakuwa wazi. Ukipunguza, ya mbali inarudi. Kinachobadilika umbo ni nini, na kinabadilishwaje?

Wengi hujibu kwamba umeme huyavuta maji pale katikati yakatuna. Wengine hudhani maji hupata moto na kuvimba. Majibu yote mawili yanaingia akilini, na yote mawili si kweli. Joto halihusiki, kwa kuwa kati ya maji na elektrodi ya ukutani (metali inayoleta umeme) kuna tabaka la kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, na mkondo unaopita ni kiduchu mno. Na katikati ya lenzi, pale mwanga unapopita, umeme hauna kazi yoyote. Kazi yote iko ukingoni, kwenye mstari ambapo maji, mafuta na ukuta hukutana.

Shika rula nyembamba ya plastiki kwa ncha zake mbili, kisha zizungushe kidogo kwa vidole. Katikati inabinuka, ingawa hakuna kidole kilichoigusa. Vidole hivyo ndivyo ukuta wa kichupa, na rula ndiyo mpaka wa maji na mafuta. Volti ikipanda, chaji za umeme hujikusanya pande mbili za kihami na kuvutana, maji yakazidi kuung'ang'ania ukuta, na pembe ya ukingo ikabadilika. Sehemu iliyobaki inafuata yenyewe. Kwa kuwa mvutano wa uso, ile nguvu inayoukaza uso wa kimiminika, hutafuta eneo dogo kuliko yote, mpaka huo unakuwa kipande cha tufe, laini kiasi ambacho msasa haufikii.

Bila volti, maji huukwepa ukuta na kutunia upande wa mafuta. Mafuta hupinda mwanga kuliko maji, hivyo lenzi hutawanya miale. Volti za kutosha zikiwekwa, mafuta ndiyo yanayotuna, na lenzi ileile hukusanya miale.

Kwa hiyo fundi hatengenezi lenzi, anatengeneza ukuta. Mwanafizikia Gabriel Lippmann alionyesha mwaka 1875 kwamba umeme hubadili mvutano wa uso wa zebaki, lakini maji yakigusana na elektrodi moja kwa moja huanza kuchanganuka kuwa hidrojeni na oksijeni kwenye volti moja na kitu. Mfaransa Bruno Berge aliweka kihami kati ya maji na elektrodi miaka ya 1990, na mlango ukafunguka. Siku hizi aina fulani ya plastiki hugeuzwa mvuke ndani ya ombwe ili itande sawasawa hata kwenye kona, kisha juu yake hupakwa tabaka linalochukia maji. Hapa kuna mtego: kihami kikiwa chembamba volti chache zinatosha, lakini tundu moja lisiloonekana kwa macho linaharibu kila kitu. Hata kiputo kimoja cha hewa ni hasara, ndiyo maana njia mojawapo ni kukifunga kichupa kikiwa kimezama ndani ya kimiminika.

Na uzito? Maji na mafuta huchaguliwa yawe na densiti moja, kwa hiyo ukiinamisha lenzi hakuna kinachoporomoka. Ile iliyoonyeshwa na kampuni ya Philips mwaka 2004 ilikuwa na kipenyo cha milimita 3.

Lakini mchezo huu una kikomo. Volti zikipita kiwango fulani, pembe ya ukingo hugoma kushuka, na watafiti hawajakubaliana kwa nini. Maelezo yapo kadhaa, na kila moja linafaa kwa baadhi ya majaribio tu.

Wapo pia walioacha umeme kabisa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walizungushia tone la maji pete ya jeli inayovimba au kusinyaa kulingana na joto au asidi. Huko ukingo hausogei: umenaswa pale uso unaopenda maji unapopakana na unaoyachukia, na jeli inabadili shinikizo chini yake. Lenzi hiyo hurekebisha fokasi yake kwa sababu tu kimiminika kinachoizunguka kimezidi uchachu, bila betri wala waya.