Je, wajua kwa nini bodaboda inayokimbia huonekana imetulia pichani, na nyumba ndizo zinazokimbia?

Huenda umewahi kuiona picha ya aina hii: bodaboda inapita kwa kasi katika barabara ya kutoka Mwanga kwenda Ujiji, mkoani Kigoma, uso wa dereva unaonekana vizuri pamoja na ndoo ya migebuka iliyofungwa nyuma yake, ilhali maduka na miembe ya kando ya barabara imegeuka kuwa mistari mirefu ya rangi. Wengi hudhani kwamba mistari hiyo imeongezwa baadaye kwa kompyuta. La hasha, imepigwa hivyo hivyo na kamera, na siri yake iko katika muda ambao shata, yaani kizibo kinachoruhusu mwanga kuingia ndani ya kamera, hubaki wazi.

Shata inapofunguka, mwanga huingia na kuangukia kihisi kilicho ndani ya kamera. Chochote ambacho taswira yake imetulia juu ya kihisi hicho kwa muda huo hutoka kikiwa kikavu, yaani kikionekana wazi bila mchirizi, na chochote ambacho taswira yake imehama huacha mchirizi. Kamera haina habari na kinachokwenda duniani. Inajua tu kilichohama mbele yake. Bodaboda inayokwenda kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde, kwa hiyo shata ikifunguka kwa sehemu ya 1/1000 ya sekunde itakuwa imesogea sentimita 1 tu, lakini ikifunguka kwa 1/30 itakuwa imesogea sentimita 33. Mpiga picha akiigeuza kamera kwa mwendo uleule wa pikipiki, taswira ya dereva hubaki palepale juu ya kihisi, na nyumba, ambazo hazijaondoka mahali pake tangu zijengwe, ndizo zinazohama. Ukitazama kwa makini utaona kwamba spoki za magurudumu nazo zimepotea, kwa sababu zinaendelea kuzunguka hata pale pikipiki yenyewe inapokuwa imetulia machoni mwa kamera.

Kazi hiyo hufanywa kwa kiuno zaidi kuliko mikono. Simama mahali ambapo chombo kitakukatiza kwa ubavu, kwa maana kinachokujia usoni hubadilika ukubwa na kuharibu hesabu yote. Anza kukifuata kingali mbali, bonyeza kinapokufikia, kisha endelea kugeuka hata baada ya shata kufunga. Picha nyingi zitaharibika, na hilo ni la kawaida hata kwa wazoefu.

Kinyume chake ni kuifunga kamera kwenye stendi na kuuacha mwendo upite mbele yake. Mnamo mwaka 1838, Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple jijini Paris, wakati ambapo picha moja ilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Wapita njia na magari ya farasi hawakuacha hata alama. Aliyeonekana wazi ni mtu aliyesimama akipigwa rangi viatu. Ndivyo itakavyokuwa kwa abiria wanaopita mbele ya boti zilizotia nanga Kibirizi, endapo shata itaachwa wazi kwa muda mrefu wa kutosha.

Tatizo la Kigoma ni jua. Saa sita mchana, ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) ikiwa 100 na apacha (tundu la lenzi) ikiwa f/16, yaani tundu dogo, shata inayofaa ni kama 1/100 ya sekunde, na ukizidisha muda huo sana picha itaungua kwa mwanga. Dawa yake ni filta nyeusi ya kupunguza mwanga: ile ya hatua 10 huupunguza takribani mara 1,000, hivyo 1/100 ikawa sekunde 10, na mawimbi ya Ziwa Tanganyika yakatoka yakiwa kama ukungu uliotanda juu ya mawe. Kwa maoni yangu ukungu huo umezidi kutumika. Robo ya sekunde huyaacha mawimbi na mwili wake, na mtazamaji akajua upepo ulitokea wapi.

Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wanapokuwa ziwani na taa zao, filta haihitajiki. Shata ya sekunde 30 ikipigwa kutoka mlimani, kila taa huchora mstari uliopindapinda kwa jinsi mtumbwi unavyoyumba. Stendi iwe nchi kavu, kwani ukiiweka ndani ya boti hata taa za mjini zitachorwa zikiyumba.

Ipo pia njia ya kuchanganya utulivu na mwendo katika picha moja, nayo ni ya ukumbini, ngoma inapokolea. Shata huwekwa kwenye 1/15, na flashi, ambayo mmweko wake ni mfupi mno, humkausha mchezaji pale ulipompata, huku taa za ukumbi zikichora michirizi ya mikono na khanga yake. Flashi ikiwaka mwanzoni, michirizi hutokea mbele yake na mchezaji huonekana kana kwamba anarudi kinyumenyume. Ikiwaka mwishoni, kabla tu shata haijafunga, michirizi humfuata nyuma. Kamera nyingi huja zikiwa zimepangwa kuwasha flashi mwanzoni, kwa hiyo mpangilio huo hubadilishwa kwanza kwenye menyu.