Kwa nini ORS (maji ya chumvi na sukari ya kumnywesha anayehara) lazima ipimwe: maji yanavyoingia na kutoka ndani ya seli

Ukinunua embe changa la kukatwa pale Mama Ngina, Mombasa, muuzaji akishalinyunyizia chumvi na pilipili, haichukui muda utaona maji yamejikusanya chini ya mfuko. Hakuna aliyeyatia. Yametoka ndani ya seli za embe lenyewe kwa njia ya osmosisi, yaani maji kuhamia penye chumvi au sukari nyingi zaidi kupitia utando wa seli, na kwa njia hiyo hiyo mtoto anayehara anaweza kukaukiwa maji kwa saa chache.

Kila seli, iwe ya mmea au ya binadamu, imezungukwa na utando mwembamba mno unaopitisha maji kwa wepesi kuliko chumvi na sukari. Chembe za maji hazitulii. Huvuka utando kutoka pande zote mbili, lakini palipo na chumvi nyingi, yanayofanikiwa kutoka huwa machache kuliko yanayoingia. Kwa hiyo maji huhamia kwenye chumvi nyingi, na seli haitumii nguvu yoyote kuyahamisha. Peter Agre wa Marekani na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba utando huo una hata milango maalumu ya maji, protini ziitwazo akwaporini. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Mchicha ulionyauka husimama tena ukinyunyiziwa maji kwa sababu seli zake zina ukuta mgumu unaozizuia kupasuka. Sisi hatuna ukuta huo. Chembe nyekundu za damu zikitiwa kwenye maji matupu huvimba hadi zikapasuka; zikitiwa kwenye maji ya bahari hunywea na kukunjamana. Ndiyo maana dripu ya chumvi hospitalini ina gramu 9 za chumvi kwa lita, kiasi kinachoziacha chembe hizo zilivyo. Bahari ina kama gramu 35.

Sasa tuje kwenye utumbo, kwani hapo ndipo watu wanapopoteza maisha. Kwa kawaida seli za utumbo hufyonza chumvi na sukari, na maji huzifuata. Kipindupindu hugeuza mwelekeo huo. Sumu ya bakteria wake huzilazimisha seli kumwaga kloridi, sehemu moja ya chumvi, ndani ya utumbo. Sodiamu, sehemu ya pili ya chumvi, hufuata, na maji nyuma yake. Mgonjwa anaweza kupoteza lita kadhaa kwa siku moja. Maji matupu pekee hayamrudishii chumvi iliyokwenda.

Lakini uko mlango mmoja ambao kipindupindu hakiufungi, ule unaoingiza sodiamu pamoja na glukosi, aina ya sukari. Zikiingia hizo mbili, maji nayo huingia. ORS imetengenezwa kwa ajili ya mlango huo. Lita moja ina glukosi gramu 13.5 na chumvi ya kawaida gramu 2.6, pamoja na potasiamu na sitrati. Mchanganyiko huu umefanywa mwepesi kidogo kuliko damu kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF waliidhinisha fomula hii isiyo kali kama ile ya zamani, ili maji yaelekee mwilini.

Kwa hiyo mama akikoroga pakiti ya lita moja kwenye nusu lita ya maji ili "dawa iwe kali", anaumiza bila kujua. Utumboni kunakuwa na chumvi na sukari nyingi kuliko kwenye damu, maji yanatoka mwilini kwenda huko, na kuhara kunazidi. Soda nayo ni hivyo hivyo. Nyingi zina sukari ya takriban gramu 100 kwa lita, kama mara saba ya ile ya ORS, na chumvi karibu hakuna.

Hapa Mombasa tuna hatari nyingine ambayo naona haisemwi vya kutosha. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, yale ambayo sabuni haitoi povu. Ukikorogea ORS humo, umetia chumvi juu ya chumvi, wala hujui kiasi gani. Kuyachemsha kunaua vijidudu lakini chumvi inabaki pale pale, tena yakipungua kwa kuchemka yanazidi ukali. Tumia maji matamu, yale ya mtungi unayonunua kwa kunywa, yakichemshwa na kuachwa yapoe.

Na dafu? Lina potasiamu kwa wingi, ila sodiamu yake ni kidogo, na sodiamu ndiyo anayoipoteza sana mwenye kipindupindu. Lisichukue nafasi ya ORS.

Soma pakiti kwanza, maana nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita nzima, kisha pima kwa chupa safi iliyoandikwa ujazo wake. Ukikosa pakiti, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwenye lita moja ya maji. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, na kama ananyonya aendelee kunyonya. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena polepole. Mchanganyiko uliokaa saa 24 umwagwe. Macho yakizama, mkojo ukikatika, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali huku ukiendelea kumnywesha njiani.