Waridi la Kiingereza Moshi: usilisingizie jua

"Fundi, haya yameungua na jua," mama mmoja wa mtaa wa Shanty Town, hapa Moshi, aliniambia mwezi wa pili, akinionyesha mawaridi matano yaliyobaki vijiti. Niliokota jani chini: la njano, lina madoa meusi yenye kingo zilizochanikachanika. Nikamuuliza, "Mama, yanamwagiliwa saa ngapi?" Akajibu kwamba kijana wake hupiga mpira wa maji kila jioni, tena juu ya majani, yang'ae.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoingilia. Doa jeusi huletwa na kuvu anayeitwa Diplocarpon rosae, na mbegu zake huhitaji jani lililolowa kwa muda wa saa 7 hivi mfululizo ndipo ziote. Ukimwagilia magharibi, jani linalala na maji mpaka asubuhi. Umempa kuvu usiku mzima. Mwagilia alfajiri, kwenye shina tu. Masika huwezi kuizuia mvua, lakini unaweza kuacha mita moja kati ya mche na mche ili upepo upite, na kuokota kila jani lililoanguka. Usilitupe kwenye mboji, lichome.

Jua lina kosa lake, ila ni dogo. Januari na Februari ua hufunguka upesi, linakuwa dogo na petali chache. Moshi mjini tuko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, wakati Arusha iko karibu mita 1,400, na tofauti hiyo unaiona kwenye ua lenyewe. Kivuli cha saa nane mchana kinasaidia sana. Maganda ya kahawa yakitandazwa chini huhifadhi unyevu, bora yasiguse shina.

Kupogoa ndiko kunakowapoteza wengi, kwa sababu wanafuata maelekezo ya Uingereza. David Austin, Mwingereza aliyezalisha haya mawaridi ya Kiingereza, aliyetoa aina ya Constance Spry mwaka 1961 na baadaye Graham Thomas na Abraham Darby, alikuwa akizalisha mawaridi ya nchi ambayo baridi huyalaza. Kule unakata mti ukiwa umelala. Hapa haulali kamwe. Ukiukata hadi magotini unachosha mizizi, nao unarudisha fimbo ndefu isiyo na ua. Mimi napunguza theluthi moja, masika yanapoisha, ili ua lije wiki 6 hadi 8 baadaye, mawingu ya Kilimanjaro yakiwa yameshapoza mji. Fimbo ndefu siikati. Naiinamisha na kuifunga ilale, na kila jicho lililo juu yake linatoa tawi la ua. Nimeona Abraham Darby moja, iliyokuwa na maua manne tu ncha za juu, ikajaa kutoka chini baada ya kuinamishwa hivyo.

Mbolea: samadi iliyooza vizuri, basi.

Kabla ya kununua, uliza mche umebebeshwa, yaani umeunganishwa, juu ya shina la waridi gani. Mashamba ya maua ya Afrika Mashariki hutumia sana shina la waridi liitwalo Natal Briar, kwa kuwa lina nguvu kwenye joto letu. Muuzaji asipojua, ng'oa mche kwenye kiriba mbele yake utazame mizizi. Ikiwa na vinundu vinundu, hao ni minyoo fundo, na ukiupanda umewaingiza kwenye udongo wako. Mimi niliwahi kupoteza miche 12 hivyo, na kipande kile cha bustani sijakirudishia waridi mpaka leo.